Ndege Haina Kambi

Isevya, Tabora
14 Februari 1954

Mdogo wangu Nikolaus,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako ya Noeli ilifika, nami naiitikia sasa, marahaba. Huku tu wazima. Mama anakula, anasali na ananigombeza, kwa hiyo ni mzima. Mahindi ya uani yamenifika kiunoni. Jirani yangu Semeni amepata mjukuu, wakampa jina refu kuliko mtoto mwenyewe. Asali inakwenda. Watu wa Ipole waliniletea madebe kumi na manne, mawili wameyachanganya na sukari. Niliyanusa tu, nikayarudisha na wenyewe wakayabeba.

Sasa neno langu. Baba tulimzika Oktoba. Simu ya maandishi ya kukuita ilikwenda siku ileile. Maiti haingoji, hilo nalijua, lakini matanga yangengoja, na tuliyangojesha. Ikaja barua yako ya pole, mistari kumi na mmoja. Nikanyamaza. Nilijiambia ni umbali. Mtu aliye mbali hana kosa.

Lakini juzi nimekwenda posta, nikamkuta Anton wa dirishani anabandika picha ya ndege ukutani. Nikamwuliza, dude hilo kutoka London mpaka huku siku ngapi? Akanicheka. "Siku, Mama Asali? Hilo linahesabiwa kwa saa." Kwa saa! Babu Ngollo, baba yake Mama, alibeba pembe za ndovu kwa bega hili na hili, miezi mitatu mpaka Bagamoyo, na kila mwaka alikuwa amerudi kabla ya kulima. Zamani mtu asiporudi tulisema njia ndefu, maneno yakaisha. Sasa njia imekuwa fupi. Tuseme nini?

Mama hayuko kwenye ugomvi huu. Yeye anauliza jambo moja: kutoka huko mpaka hapa kuna kambi ngapi, na majina yake nani. Ulikuwa mdogo Mama alipokuwa anatuhadithia, labda umesahau. Babu akiwa safarini, Bibi kila jua likizama, kabla ya kufunga mlango, alitaja mahali msafara ulipolala. Leo wamelala Rubuga. Leo wamelala Tura. Waliita kumlaza msafiri. Na kambi hairukwi, maana msafiri aliyerushwa kambi hupotea. Wewe ulipoondoka Mama alikulaza treni nzima mpaka Dar es Salaam, ukaingia melini akaishiwa majina. Jambo hilo linamuuma mpaka leo.

Wewe ndiye unayesomea kupima ardhi. Haya, pima.

Dada yako,
Apolinaria

*

London
7 Machi 1954

Dada yangu mpenzi,

Milele amina, na shikamoo tena. Mwambie Mama mwangaluka. Naisema peke yangu kila asubuhi ili ulimi usisahau salamu ya nyumbani. Baridi ya huku imeanza kulegea. Bibi mwenye nyumba amenipa blanketi la tatu, akasema hajaona mtu anayetetemeka kama mimi.

Umeniambia nipime, nimepima. Ukinyoosha uzi juu ya ramani kutoka London mpaka Tabora, ni maili elfu nne mia tatu na hamsini na kitu. Ndege lakini hainyooki hivyo, maana lazima itue kunywa mafuta. Basi Mama apokee kambi zake kwa mpangilio: Roma, Kairo, Khartoum, Entebbe, Nairobi. Kutoka Nairobi ni ndege ndogo mpaka Tabora. Jumla, pamoja na kungoja Nairobi, ni saa thelathini na mbili.

Na hesabu hii sikuifanya kwa kupoteza wakati. Wanaonisomesha wamekubali nije likizo. Nitapanda Jumanne tarehe 6 Julai, na Alhamisi tarehe 8 nitakuwa Tabora. Dada, nataka kukaa jikoni kwako, nile michembe yako ya viazi vikavu kwa karanga, na mtu asiniulize chochote kwa siku mbili.

Kuhusu Baba, tafadhali usiniulize kwa barua. Nitasema tukikaa.

Mdogo wako,
Nikolaus

*

Isevya, Tabora
1 Agosti 1954

Nikolaus,

Salamu. Mama hajambo. Mimi sijambo. Mahindi tulivuna.

Nitakueleza jinsi ulivyosafiri, kwa kuwa wewe hukuwapo.

Barua yako nilimsomea Mama, majina akayashika kwa jioni moja. Nikamwambia, Mama, hizi si siku, ni saa. Kutoka kambi hata kambi ni saa chache tu.

"Atalala wapi?"

Halali, Mama. Anakaa kitini.

"Moto wa kuota nani anawasha?"

Hakuna moto.

"Basi hiyo si safari, mwanangu. Huko ni kutupwa."

Akazikataa saa zangu zote, akasema kila jina litapata jioni yake. Majina matano, jioni tano, ili ufike Alhamisi. Kwa hiyo alianza kukulaza tarehe 3, wewe hujafunga hata sanduku. Siku uliyosema utapanda, kwake ulikuwa umeshafika Entebbe unaota moto.

Alhamisi nilifunga duka nikaenda kiwanjani. Nilivaa viatu. Ndege ikaja kweli, na kwa wakati. Wakashuka Wazungu wawili, Mhindi mmoja na kapu la vifaranga wa mtu wa kilimo. Vifaranga, Nikolaus, wana siku mbili duniani, nao wamesafiri. Wiki iliyofuata nikaenda tena, safari hii kwa kandambili.

Mama hakulia. Alikaa, akafikiri, jioni akasema, "Leo amelala Nairobi." Kesho yake, Nairobi. Leo ni jioni ya ishirini na sita unalala Nairobi. Nikamwambia, Mama, hata msafara wenye ndui haukai kambi moja muda huu. Akanijibu, "Labda ana jambo lake Nairobi. Wewe una haraka gani?"

Mimi! Eti mimi ndiye mwenye haraka!

Barua hakuna. Anton akiniona naingia posta anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Apolinaria

*

19 Agosti 1954

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia. Mambo ya masomo yamesogea mbele, na safari nayo ikasogea. Mimi ni salama. Usiwe na wasiwasi, ni salama kabisa. Sitakaa London kwa muda, kwa hiyo andika kwa anwani iliyo nyuma ya bahasha. Ni shambani, pana miti mingi na hewa safi, nami ni salama.

Mwambie Mama asinitoe Nairobi bado. Na asinirushe.

Nikolaus

*

Isevya, Tabora
10 Septemba 1954

Mdogo wangu,

Salamu za nyumbani utazipata mwisho, leo naanza na neno.

Mimi nanunua asali kwa pua. Mtu wa Ipole akifungua debe najua ni ya maua ya mti gani, najua moshi ulizidi, najua kama debe lilitangulia kubeba mafuta ya taa. Barua yako nimeifungua mlangoni pa posta. Inanuka hospitali. Nikadhani labda mifuko ya posta. Nikaenda nayo kwa Semeni, aliyefagia wodi miaka sita, nikamwekea puani bila kusema neno. Akaniuliza, "Nani anaumwa?"

Halafu hesabu. Mistari yako ni michache kuliko vidole vyangu, na humo umesema u salama mara tatu. Mtu aliye salama husema mara moja, akaendelea kusema mengine. Mwandiko wako unateremka kulia kama mtu anayeandika amelala. Na mtu wa kupima ardhi hapelekwi shambani kwa ajili ya hewa safi.

Nimekusema sana mwaka huu. Sikuombi radhi, maana nilisema kwa niliyoyajua. Lakini kama kuna nisiyoyajua, sasa ndio wakati.

Mama hajambo. Nsansa ya majani ya kunde mwaka huu imekauka vizuri, nimekuwekea chungu kizima. Semeni anakusalimu. Mjukuu wake ameota meno mawili ila jina bado hajaliweza.

Dada yako

*

3 Oktoba 1954

Dada Apolinaria,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila mara nilicheka pale kwa Semeni, halafu kucheka kunanikohoza, na ndiyo habari yenyewe.

Ni kifua kikuu. Kilinishika mara ya kwanza Septemba mwaka jana. Simu ya Baba nililetewa kitandani, na nesi ndiye aliyenifungulia. Ile mistari kumi na mmoja niliiandika siku tatu. Februari wakasema nimepona, wakanitoa, nami nikaamini. Nikakuandikia tarehe ya ndege kwa furaha ya kweli, Dada, sikukudanganya. Juni nikapimwa tena kwa ajili ya safari, wakakuta kimerudi.

Sasa wameniingiza hewa ubavuni kwa sindano ili pafu bovu lisinyae, lilale, lipone. Dawa ni kali na zinafanya kazi. Daktari ana matumaini. Lakini amenieleza jambo: hewa hiyo iliyofungwa kifuani, mtu akipanda juu sana, hutanuka. Ndege ikiwa angani, hewa hiyo inaweza kunibana pafu hata lile zima, na huko juu hakuna wa kunisaidia. Ndege nimekatazwa. Si mwaka huu tu. Mpaka hewa hii iishe, na hajui lini.

Basi ile njia fupi uliyoionyesha posta ipo, lakini si yangu.

Sikusema kwa sababu ya Mama Mdogo Imakulata. Namkumbuka vizuri. Nakumbuka alipougua kifua hikihiki, kikombe chake cha bati kilivyotundikwa nje peke yake, na jinsi sisi watoto tulivyofundishwa kukipita mbali. Alikufa, na kikombe kikaendelea kuning'inia. Nililala hapa nikakiona. Nikasema afadhali wanione mpuuzi kuliko wanitundikie kikombe.

Usimwambie Mama.

Nikolaus

*

Isevya, Tabora
7 Novemba 1954

Mdogo wangu, mtoto wa mgongoni kwangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nilikaa nayo wiki mbili. Si hasira. Nilikuwa kila nikikaa niandike, nakuta naandika mambo ya asali.

Kwanza kikombe. Nimekwenda dukani kwa Thuwaini, nimenunua vikombe sita vya rangi moja, maua mamoja, ukubwa mmoja. Vile vya zamani nimegawa vyote. Ukija utanywea chochote utakachofikia, na mimi nitanywea kitakachofuata, na hata tukitaka kujua kipi ni cha nani hatutaweza. Jambo hilo limekwisha.

Pili Mama. Ugonjwa sikumwambia. Nilimwambia hivi: Nikolaus haji kwa ndege, atakuja kwa meli na treni, baadaye. Nilidhani atasikitika. Akapiga vigelegele! "Nilijua! Ndege haina kambi!" Halafu akakumbuka kwamba amekuacha Nairobi, akasema mtu hawezi kupanda meli London naye yuko Nairobi. Kwa hiyo alikurudisha. Jioni ya kwanza Entebbe, ya pili Khartoum, ya tatu Kairo, ya nne Roma. Jioni ya tano akakulaza London, akavuta pumzi kama aliyetua mzigo. Nami, Nikolaus, ambaye miaka yote nilisema haya ni mambo ya wazee, nililala vizuri usiku huo.

Tatu. Umenipa moja, nami nakupa moja. Mama haoni. Yalianza macho kuingia ukungu kabla Baba hajafa, sasa ni giza. Anajua mtu kwa hatua na kwa sauti. Nilikuficha kwa sababu nilitaka uje kwa moyo wako, si kwa kuitiwa macho ya Mama. Ilikuwa kiburi. Na wewe ulikuwa na chako. Tumefungana.

Pona. Usiharakishe. Umesikia nani anakwambia usiharakishe?

Dada yako,
Apolinaria

*

20 Februari 1955

Dada yangu,

Shikamoo, na shikamoo kwa vikombe vyote sita.

Kukohoa kumekoma tangu Noeli. Makohozi yamepimwa mara tatu, hayana kitu; daktari amesema siwezi kumwambukiza mtu. Hewa kifuani imebaki kidogo, kwa hiyo ndege bado ni mwiko, lakini meli amekubali. Masomo nimeruhusiwa kuyamalizia Makerere mwakani. Nitapanda meli hapa London tarehe 17 Machi.

Kambi za Mama: Gibraltar, Marseille, Genoa, Port Said, Suez, Port Sudan, Aden, Mombasa, Tanga, Unguja, Dar es Salaam. Dar tutafika Jumamosi tarehe 23 Aprili. Kutoka hapo ni treni, na hizo anazijua kuliko mimi.

Kuna tatizo moja, nawe mwulize mwenyewe. Kati ya kambi na kambi zipo siku nyingi za maji matupu. Kutoka Aden mpaka Mombasa ni kama wiki nzima hakuna hata jina moja. Pasaka itanikuta humo. Atanilaza wapi?

Ukiniandikia mapema kwa barua ya ndege, itanikuta Aden kwa wakala wa meli.

Nikolaus

*

Isevya, Tabora
22 Machi 1955

Nikolaus uliye baharini,

Barua hii ikikukuta Aden, ujue imekupita njiani, imekaa inakungoja. Vitu vinavyokungoja ni vingi.

Swali lako nilimpa Mama. Hakufikiri hata kidogo. "Hiyo ni Mgunda Mkali." Unapakumbuka anapopasema? Ile nyika ya mashariki ya Tura, siku nyingi hakuna kijiji, hakuna maji, na wapagazi walikuwa wanaiogopa kuliko simba. Babu alimwambia kwamba humo kambi hazina majina, basi kila jioni wanaipa kambi jina la kitu walichokiona mchana. Kambi ya Nyani. Kambi ya Kiatu. Bibi huku nyumbani alibuni majina yake, naye Babu akirudi walikuwa wanalinganisha na kucheka. Kwa hiyo Mama anabuni. Wewe tazama bahari, kila siku chukua jina moja, mtalinganisha.

Thuwaini naye amekuwa mtu wa msafara. Alipokwenda Hija alipita Aden na Port Sudan, sasa kila jioni anakuja kukaa mlangoni kwa Mama kumweleza bandari. "Port Sudan joto lake, Bi Josepha, unakaanga yai juu ya jiwe." Mama anamjibu, "Na mwanangu amezoea baridi, atayeyuka." Wanabishana mpaka taa zinawashwa.

Nitasema na hili, kwa kuwa tuliacha kufichana. Mama haamki tena. Tangu Jumatano ya Majivu yuko kitandani. Hana homa. Anakula uji kijiko kwa kijiko. Mganga wa misheni alimshika mkono akasema ni uzee, mafuta ya taa yanakwisha. Mdomo wake lakini haujapungua. Jana amekulaza Gibraltar, akaniuliza kama huko kuna maziwa.

Wewe kula. Lala. Vaa kitu kifuani.

Dada yako

*

Mombasa
15 Aprili 1955

Dada,

Shikamoo. Naandika haraka, mtu wa posta yuko ngazini.

Barua yako niliipata Aden. Tangu siku hiyo sijalala. Mgunda Mkali nimeuvuka. Pasaka imenikuta humo, nikaipa kambi jina la samaki wanaoruka. Lakini kila usiku nilikuwa nahesabu kama wewe. Meli inakaa hapa siku nne kupakua. Kisha Tanga, kisha Unguja. Dar Jumamosi. Treni inaondoka Jumatatu jioni, Tabora ni Jumatano asubuhi. Siku nne nzima tangu kukanyaga Dar!

Hapa bandarini wameniambia kuna ndege ya Dar kwenda Tabora Jumapili asubuhi. Saa tatu, Dada. Si thelathini na mbili, ni tatu. Kabla ya chakula cha mchana namshika Mama mkono. Hewa kifuani haiwezi kuwa nyingi sasa, na ndege hizi ndogo labda haziendi juu sana. Daktari yuko mbali, hataniona.

Nimeamua nitapanda. Wewe mwenyewe ulisema njia imekuwa fupi.

Nikolaus

*

Isevya, Tabora
18 Aprili 1955

Mdogo wangu Nikolaus,

Tumsifu Yesu Kristo. Anton ameahidi kuitia barua hii mfukoni kwa mkono wake. Itafika Dar kabla yako, pale parokiani utakapofikia. Barua hii ndiyo itakayopanda ndege. Si wewe.

Nisikilize. Mimi ndiye niliyeanza maneno ya saa na maili, kwa hiyo acha mimi niyamalize. Nilipiga hesabu. Jumapili au Jumatano, tofauti ni siku tatu. Mama anakula vijiko sita, jana vitano. Hesabu zangu zote zinasema ndege. Nimezipiga mara ya pili, zinasema vilevile. Basi nimeziweka kando, jambo ambalo sijalifanya tangu nifungue duka.

Kwa sababu sikukaa hapa mwaka mzima nanusa karatasi ili nije kiwanjani kupokea sanduku la maiti yako pamoja na vifaranga.

Nilimsomea Mama barua yako. Yote. Na kabla ya kusoma ilibidi nimweleze kifua. Akasema, "Nilijua. Mtu hakai Nairobi bure." Kisha akasema, "Ataruka Morogoro?" Ataruka, Mama. "Ataruka Dodoma? Na Manyoni? Na Itigi?" Zote, Mama, atapita juu. Akanishika kidole, nawe unajua alivyokuwa anashika tukiwa wadogo tukitaka kukimbia. "Mwambie nimemleta kutoka London hatua kwa hatua sijamrusha hata kambi moja. Asinirukie mlangoni."

Kwa hiyo una amri ya Mama, si yangu. Yangu unaweza kubisha.

Sauti yake sasa ni ndogo. Siku ya Pasaka ilikatika kabisa mpaka kesho yake, jua likazama akanitazama kwa macho yale yasiyoona, midomo inacheza. Nikaelewa. Sikuwa nimewahi kukulaza, wewe unajua nilivyokuwa nayasema mambo haya. Nikasimama mlangoni kama Bibi, sikujua maneno, nikasema, "Mpuuzi yule amelala Mgunda Mkali, Mungu amwamshe salama." Mama akacheka bila sauti, mabega tu. Tangu siku hiyo nakulaza mimi. Jina la kambi ile ya Pasaka Mama alikuwa amelibuni tangu asubuhi: Kambi ya Samaki Mwenye Mabawa. Hakuna aliyemwambia. Nikasoma barua yako ya Mombasa, nikaurudia mstari wa samaki mara tatu.

Sasa sikiliza safari yako. Leo unalala Mombasa. Tanga na Unguja ninazo. Jumamosi na Jumapili unalala Dar es Salaam, nawe ulale kweli, si kuzungukazunguka mjini. Jumatatu panda treni, kaa upande usio na moshi. Jioni hiyo nitakutajia kutoka Ruvu mpaka Kilosa kwa pumzi moja. Jumanne nitakulaza Dodoma, Manyoni na Itigi.

Tura sitaitaja. Nilimwuliza Mama, akasema Tura ni yake. Akasema Tura ni mlango wa nyumbani, na Babu akifika Tura Bibi alikuwa halazi mtu tena. Alikuwa anateka maji, anainjika moto, anakaa. Mama ameshaniambia nijaze mapipa mawili. Nimemwambia ni Jumatatu tu leo, siku ya kwanza kati ya kumi. Akasema, jaza.

Ukipita Tura itakuwa bado giza. Toa mkono dirishani hata hivyo. Maji yako ya kuoga yatakuwa yameshachemka.

Dada yako,
Apolinaria